Kutunza sweta la sufu kutoka Juni hadi Juni: mwongozo kamili

Mimi ni mtu wa Makete, mkoani Njombe, ninayeishi Dar es Salaam. Masweta yangu nayavaa majuma matatu au manne tu kwa mwaka, ninapopanda nyumbani Juni au Julai, majani yanapoamka na sakitu. Miezi yote iliyobaki yanalala kabatini, kwenye joto na unyevu wa Pwani.

Mwaka wangu wa pili mjini nilifungua begi usiku wa kuamkia safari nikakuta sweta la marehemu baba, lile la kijivu lenye shingo ya V, limetobolewa matundu 11. Nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nimeliwekea vidonge vyeupe vya kabatini na nikaamini nimemaliza kazi. Nilipoyatazama vizuri yale matundu nikaona yamekaa sehemu tatu tu: kwenye kola, kwapani, na kwenye mkono wa kulia pale lilipodondokewa na mchuzi siku ya arusi ya dada yangu. Kwingine kote sweta lilikuwa zima. Nililiweka bila kulifua, na mdudu akafuata jasho na mchuzi.

Hilo ndilo lililonifundisha kwamba sweta la sufu huharibika likiwa limelala, na kwamba karibu kila kitu huamuliwa siku unayoliweka. Hapa chini ni yale ninayoyafanya sasa, kwa mpangilio ule ule ninaoufuata.

Hakikisha kwanza kwamba ni sufu

Sufu ni manyoya ya kondoo yaliyosokotwa kuwa uzi. Isichanganywe na sufi, ile ya mti wa msufi inayojazwa kwenye mito. Kondoo wetu wengi, wale wekundu wa Kimasai na wale wenye kichwa cheusi, wana nywele fupi zisizofaa kusokotwa, kwa hiyo sweta la sufu ulilonalo huenda limekujia kwenye belo la mitumba kutoka Ulaya. Yale masweta ya shule yanayouzwa madukani kila Januari mengi ni ya akriliki, uzi wa plastiki. Hayo nondo, yule mdudu wa matundu, hayataki, na kwa sabuni ya mche hayadhuriki. Usijisumbue kuyafuatilia kwa mwongozo huu.

Geuza sweta ndani nje utafute lebo, shingoni au kwenye mshono wa ubavuni. Kwa kuwa belo hukusanya nguo za nchi nyingi, neno lenyewe hubadilika. Waingereza huandika WOOL, Wajerumani WOLLE au SCHURWOLLE, Wafaransa LAINE, Waitalia na Wahispania LANA, Waswidi na Wanorwe ULL, Wadenmaki ULD, Waholanzi WOL, na Wafini huandika VILLA, ambayo wauzaji wengi wa mitumba pale soko la Karume, Dar es Salaam, hudhani ni jina la kampuni. Nimewahi kununua sweta zito la sufu tupu kwa bei ya akriliki kwa sababu tu ya neno hilo. CASHMERE na MOHAIR ni manyoya ya mbuzi, ANGORA ni ya sungura, ALPACA ni ya mnyama wa Amerika Kusini. Yote yatunze kama sufu, tena kwa upole zaidi. Ukiona mduara wenye mistari iliyozungushana kama kidonge cha uzi, hiyo ni alama ya Woolmark iliyoanza kutumika mwaka 1964, na ikiwa peke yake maana yake ni sufu mpya tupu isiyochanganywa.

Kama sufu ni asilimia 20 tu na iliyobaki ni akriliki, bado lifuate kama sufu. Sehemu hiyo ndogo inatosha kumvuta nondo.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mfupi upande wa ndani, ushike kwa kibano juu ya sahani yenye maji, uwashe kwa kiberiti. Uzi wa sufu huungua kwa uvivu na huzimika wenyewe ukiuondoa kwenye moto. Harufu yake ni ya nywele zilizoungua, kama kuku anapobabuliwa manyoya, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu kisichosagika. Pamba huungua haraka na kunuka kama karatasi.

Kwenye lebo soma pia michoro. Beseni lenye mkono ndani yake linataka lifuliwe kwa mkono. Beseni lililopigwa mkasi linakataza maji kabisa. Pembetatu iliyopigwa mkasi inakataza jiki. Mraba wenye mstari mmoja wa kulala katikati unasema lianikwe likiwa limelazwa, wala lisitundikwe.

Anayelila ni nani

Wengi humlaumu nondo mkubwa anayezunguka taa usiku. Huyo hana hatia. Nondo wa nguo ni mdogo, mwili wake haufiki sentimita moja, ana rangi ya majani makavu yenye kung'aa kidogo, na hukimbia mwanga. Ukifungua kabati ukamwona akitambaa upesi kujificha kwenye mkunjo, ndiye. Naye mwenyewe hali kitu, kwa maana akishakomaa hana mdomo wa kutafunia. Kazi yake ni kutaga, na jike mmoja hutaga mayai kati ya 40 na 100 hivi, madogo kuliko chembe ya chumvi. Katika joto kama la Dar es Salaam mayai huanguliwa ndani ya siku 4 hadi 10, na hapo ndipo ulaji unapoanza. Kiwavi ni mweupe kama maziwa yaliyoganda, kichwa chake cha kahawia, na huishi kwa kula keratini, protini ile ile ya nywele na kucha zako. Huko baridini hukua polepole. Huku Pwani hana msimu wa kupumzika.

Yupo na wa jamii yake anayetembea na nyumba yake: kifuko bapa cha kijivu, kimechongoka ncha zote mbili, kama mbegu ya boga, kimenata ukutani au nyuma ya kabati. Nyumba nyingi za joto wanavyo, na wengi huvifagia wakidhani ni taka. Ndani mna kiwavi. Chakula chake cha kila siku ni utando wa buibui, lakini akikuta sufu haiachi. Kwa hiyo kufagia utando wa buibui nyuma ya kabati ni sehemu ya kutunza sweta.

Kumbuka jambo moja kuhusu hawa viwavi: sufu safi peke yake haiwashibishi. Wanahitaji chumvi na mafuta ya jasho, tone la chai, ute wa chakula. Ndiyo maana matundu ya sweta la baba yalichora ramani ya mahali nilipolichafua.

Kulifua

Msimu ukiisha, kila sweta lililovaliwa hata mara moja hufuliwa kabla ya kulala. Katikati ya msimu hali ni tofauti: ukilivalia shati ndani huna haja ya kulifua kila ukilivua. Litandaze mahali penye hewa usiku mzima, lipumzishe siku moja, ulivae tena. Sufu huachia harufu kwa hewa tu, hata ile ya moshi wa kuni.

Kabla ya maji, pima. Tandaza boksi lililofunguliwa, lilaze sweta juu yake likiwa kavu, uchore mzunguko wake kwa chaki: mabega, mikono, pindo. Mchoro huo utauhitaji wakati wa kuanika. Nilikuwa naona ni kazi ya bure mpaka nilipofua sweta likatoka refu kama kanzu.

Sasa maji. Kila unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo, kama samaki. Maji ya moto huyainua magamba hayo, sabuni kali huyainua zaidi, na ukifikicha yanang'ang'aniana yasiachiane tena. Hapo ndipo watu husema sweta limerudi. Halirudi kwa maji peke yake. Hurudi kwa maji ya moto, sabuni kali na mikono yenye haraka vikikutana. Kwa hiyo maji yasizidi nyuzijoto 30. Dar es Salaam maji ya bombani ya asubuhi yanatosha yalivyo. Makete changanya na ya moto mpaka ukitumbukiza kiwiko usihisi baridi wala joto. Maji ya kusuuza yawe na joto lile lile la kufulia, kwa sababu kutoka vuguvugu kwenda baridi ghafla nako hulishtua.

Sabuni ya mche weka pembeni, na ya unga pia. Zina ukali wa magadi unaoila sufu taratibu, na nyingi za unga zimetiwa vimeng'enya vya kuvunja madoa ya protini, na sufu nayo ni protini. Jiki ni mwiko kabisa, kwa kuwa huyeyusha sufu, na doa la jiki haliponi. Kama huna sabuni maalumu ya sufu, tumia shampuu ya kawaida ya nywele, kijiko kimoja cha chakula kwa beseni la lita 10. Sufu ni nywele, na kinachofaa kichwani mwako kinaifaa.

Koroga shampuu kwenye maji kwanza, ndipo ulitumbukize sweta likiwa limegeuzwa ndani nje. Libonyeze taratibu kwa viganja mpaka lilowe lote, uliache dakika 10. Kisha libonyeze na kuliachia, libonyeze na kuliachia, kama mtu anayekanda unga laini wa maandazi. Usilifikiche, usilisugue kwa brashi, usilinyanyue kwa mabega. Kola, kwapa na vifundo vya mikono ndivyo vya kusimamia. Palipo na doa la mafuta dondoshea shampuu kidogo, bonyeza kwa vidole, subiri dakika 5, bonyeza tena. Ukiwa na haraka siku hiyo, liache sweta mpaka siku nyingine.

Mwaga maji huku umelishikilia sweta ukingoni mwa beseni, ujaze mengine. Mara mbili au tatu zinatosha mpaka povu liishe. Kwenye maji ya mwisho mimi hutia siki nyeupe, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5. Siki huondoa ukali wa sabuni uliobaki na sufu hulainika. Harufu yake huisha likikauka.

Usilikamue kwa kulisokota. Libonyeze dhidi ya ukuta wa beseni, kisha linyanyue kwa mikono miwili kutokea chini, kama unavyombeba mtoto mchanga, ulilaze juu ya taulo kavu. Likunje pamoja na taulo kama mkeka, ulibonyeze kwa magoti toka ncha hadi ncha. Taulo litakunywa maji mengi ajabu, kwa sababu sufu inaweza kubeba maji ya karibu theluthi ya uzito wake kabla hata hujaihisi imelowa. Likiwa zito, rudia kwa taulo la pili.

Kama nguo zako unampa dobi, mwambie mwenyewe, kabla hajaondoka nalo, kwamba ni sufu, maji baridi, lisisokotwe wala kutundikwa. Ukiliacha kimya ndani ya furushi atalifua kama mengine, na kosa halitakuwa lake.

Kuanika

Kwenye kamba hapana. Sweta bichi la sufu lina uzito wa kujivuta lenyewe, na vibanio vitaacha masikio mabegani. Lilaze. Kitanda cha kamba kisicho na godoro ndicho kilicho bora kuliko vyote, kwa sababu hewa hupita chini na juu. Kikikosekana, tandika khanga kuukuu juu ya wavu au mkeka ulioinuliwa. Chukua lile boksi lako lenye mchoro wa chaki, liangalie, na uvute sweta polepole mpaka lirudie vipimo vyake. Kazi hii hufanyika sasa hivi likiwa bichi. Likikauka limepinda, litabaki limepinda.

Kivuli chenye upepo ndicho mahali pake. Jua la adhuhuri hugeuza sufu nyeupe kuwa ya njano na huchujua rangi nyingine. Baada ya muda wa saa sita hivi ligeuze upande wa pili. Dar es Salaam sweta zito huchukua siku mbili, na wakati wa masika hata tatu. Mimi huepuka kabisa kufua Aprili. Usidanganywe na mgusano wa juu. Bana mshono wa kwapa na pindo la chini kati ya vidole viwili, uweke kwenye shavu. Ukihisi ubaridi wowote bado halijakauka, na sweta lenye unyevu likifungiwa kwenye plastiki huota ukungu ndani ya wiki moja.

Marekebisho kabla ya kulilaza

Vijipira vinavyojitokeza kwapani na ubavuni ni nyuzi fupi zilizosuguana. Vikate kwa mkasi mdogo au wembe ulioshikwa bapa, sweta likiwa limetandazwa juu ya kitu kigumu. Ukivinyofoa kwa vidole utavuta nyuzi nyingine ambazo kesho zitakuwa vijipira vipya.

Tundu dogo lizibwe sasa, kwa sababu tundu la sweta lina macho, yaani vitanzi vya uzi, yaliyokatika, na kila ukilivaa jicho moja zaidi hufumuka. Mafundi wa zamani huita kazi hii kutililia: unasuka kitambaa kipya mahali pa kile kilicholiwa. Tafuta uzi wa sufu wenye unene unaokaribiana. Usipoupata dukani, nunua sweta chakavu la mitumba ulifumue, litakutosha miaka. Tumia sindano yenye ncha butu. Weka tundu juu ya kitu cha mviringo, mimi hutumia kikombe kilichogeuzwa. Usikate kingo. Anza sentimita moja nje ya tundu, mahali palipo na uzima, upitishe nyuzi za wima moja kando ya nyingine hadi uvuke tundu na kuingia sentimita moja upande wa pili, ukihakikisha kila jicho lililo wazi limekamatwa na uzi. Kisha suka za mlalo, juu ya mmoja chini ya mmoja, mstari unaofuata kinyume chake. Usivute. Ukivuta, sweta litakunjamana kama kovu.

Matundu 11 ya baba yalinichukua jioni nne. Sikupata uzi wa kijivu kile kile, yakatokea na rangi ya majivu yaliyofifia, na sijawahi kujutia.

Kulilaza

Likunje, usilitundike. Henga hutokeza nundu mabegani na uzito hulivuta kila siku hata kama hulioni likirefuka. Lilaze kifudifudi, rudisha mikono mgongoni, kunja mara mbili. Mazito yakae chini, mepesi juu, na kati ya moja na jingine tandika kipande cha shuka la pamba lililofuliwa. Mwaka ujao likunje kwa mistari tofauti ili mkunjo usiwe jeraha la kudumu.

Chombo kinategemea unapoishi, na hapa ndipo mwongozo mwingi wa kutoka nchi za baridi unapotuangusha. Kule Makete, ambako mama yangu anaishi, sanduku la bati lenye mfuniko unaobana, lililoinuliwa juu ya matofali mawili, linatosha. Pwani adui ni wawili, nondo na unyevu, na kila unachofanya kumzuia mmoja humsaidia mwingine: plastiki isiyopitisha hewa humfungia nje nondo, lakini humfungia ndani unyevu. Ndiyo maana ninasisitiza ukavu. Kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, ushauri wangu ni ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ndani yake masweta makavu kabisa, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na redio. Vikusanye mwaka mzima. Kumi kwa kontena si vingi. Mchele usiuweke, utaalika wadudu wengine.

Mfuko wa shangazi kaja haufai. Zipu yake haizibi, kitambaa chake kina vipenyo, na kiwavi mchanga hupita penye tundu la sindano. Kama ndio pekee ulio nao, weka kwanza kila sweta ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ndipo uingize humo.

Sasa vile vidonge vyeupe. Vingi ni naftalini, na hufanya kazi kwa mvuke wake kujaa ndani ya chombo kilichozibwa. Kwenye kabati la kawaida linalofunguliwa kila asubuhi mvuke huo hautoshi kumuua kiwavi, unatosha tu kukuingia wewe mapafuni. Kuna jambo kubwa zaidi, na naomba kila mzazi alisome mara mbili. Katika nchi zenye malaria watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wengi wao hawajui. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivikwa sweta au kufunikwa blanketi lililotoka moja kwa moja kwenye naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akapata upungufu wa damu na manjano ya hatari. Mtoto mkubwa naye anaweza kukidhania kidonge ni pipi. Mimi nimeviacha kabisa, na nguo za watoto sitaki zikae navyo hata siku moja.

Karafuu nazipenda. Bibi mmoja wa Kiunguja, jirani yetu, huzifunga kwenye kitambaa cha pamba akaziweka kati ya nguo, na kabati lake likifunguliwa unatamani usiondoke. Hufukiza udi pia. Lakini harufu nzuri haiui mayai wala viwavi waliokwisha kuingia, na baada ya miezi michache harufu yenyewe hupungua. Majani makavu ya mwarobaini nayo ni vivyo hivyo. Yatumie juu ya sweta lililofuliwa na kukaushwa, ukijua kwamba ulinzi ni ule usafi. Zifungwe kwenye kitambaa, kwa sababu mafuta ya karafuu huacha doa.

Kila mwezi, siku kavu yenye upepo, fungua chombo. Toa yote, kung'uta nje, tazama chini ya kola na kwenye mishono, pitisha brashi laini. Nondo hutaka giza na utulivu, na dakika 20 za kumsumbua zina faida kuliko kilo ya dawa. Masweta ya mitumba yaliyonunuliwa karibuni yasiingie humo hata kwa usiku mmoja kabla ya kufuliwa au kugandishwa. Mashambulizi mengi huingia nyumbani kwa mlango huo.

Walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini wao masweta yao hulala kiangazi, na adui yao mkubwa mara nyingi ni zulia la sufu chini ya kitanda. Huko ndiko waanze kutafuta.

Ukikuta amekwisha kuingia

Usianze kwa kupuliza dawa ya mbu. Toa kila kitu nje juani. Tenganisha vilivyo vya sufu, hariri, manyoya na ngozi na vilivyo vya pamba na plastiki. Kung'uta na kupiga brashi kwa nguvu, hasa mishono, ili mayai yasagike na viwavi waanguke. Fagia kabati, pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni kwenye pembe na nyufa zote, na lile vumbi ulifunge kwenye mfuko ulitupe mbali siku ile ile.

Kisha friza. Sweta kavu liingie ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, uliweke kwenye friza yenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Sehemu ndogo ya barafu ndani ya friji ya kawaida mara nyingi haifiki ubaridi huo. Umeme ukikatika muda mrefu vitu vikaanza kuyeyuka, anza kuhesabu upya. Ukilitoa usifungue mfuko hapo hapo. Liache likae nje mpaka plastiki isiwe na baridi kabisa, ama sivyo umande utatua kwenye sufu. Baada ya hapo lifue.

Asiye na friza ana jua. Weka sweta kavu ndani ya mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa vizuri, juu ya bati, siku isiyo na mawingu, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, ukigeuza kila saa. Joto likipita nyuzijoto 55 na kubaki hapo, viwavi na mayai hufa. Joto kavu bila kufikicha halilirudishi sweta. Rudia siku ya pili, maana katikati ya mkunjo mzito joto huchelewa kufika.

Likirudi, au likiota ukungu

Sweta lililorudi kidogo huweza kunyooka. Liloweke dakika 30 kwenye maji ya vuguvugu yenye vijiko viwili vya kilainisha nywele, bila kusuuza lizungushe kwenye taulo, kisha ulivute polepole kufuata mchoro wako, ukirudia kila saa mpaka likauke. Lisuuze siku nyingine. Lililogandamana likawa nene kama blanketi halinyooki tena, lakini kitambaa chake hakifumuki ukikikata: hutoa kofia ya mtoto, soksi za ndani, au kishikio cha sufuria.

Ukungu upige brashi nje ya nyumba, ukiwa umejifunga kitambaa puani, kisha jua la asubuhi kwa muda wa saa moja, kisha ufue kwa siki kama nilivyoeleza.

Kulitoa

Litoe siku mbili kabla ya safari, usingoje usiku wa mwisho. Litandaze kitandani dirisha likiwa wazi, mikunjo mingi itajinyoosha yenyewe. Iliyobaki inyooshe kwa mvuke: tandika kitambaa cha pamba kilicholowa juu ya sweta, gusa na pasi ya moto wa wastani, nyanyua, gusa tena, bila kusukuma. Pitisha mkono ndani ya kila mkono wa sweta na uutazame dhidi ya mwanga. Ukiona tundu, sindano na uzi wa kijivu viko kwenye kikombe.